Tuanze na Mwalimu, Vyombo Vifuate



Baada ya mavuno ya alizeti tuliitwa mkutanoni, walimu, wazee wa kanisa na wazazi, ili tushauriane habari ya kuingiza vyombo vipya vya kufundishia katika shule zetu za Waadventista. Mmoja wa wasemaji, mtu mwenye nia njema na ulimi mwepesi, alisimama akasema hivi: shule zetu zimeachwa nyuma, basi kila shule na inunue vishikwambi 40, na kila mzazi atoe gunia moja la alizeti, vyombo vikiisha kufika, mengine yote yatajipanga yenyewe. Watu walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa sijayapanga maneno yangu. Leo nimeyapanga, nami naomba nafasi katika gazeti letu niyaseme, kwani mkutano wa kukata shauri bado haujafanyika, na magunia bado yamo ghalani.

Neno lile la mwisho, kwamba mengine yatajipanga yenyewe, si kweli. Mpango unaoanza na kununua si mpango, ni manunuzi tu. Mpango ulio wa kweli huanza na mwalimu na somo lake, kisha chombo hufuata ili kumsaidia. Tukigeuza utaratibu huu, tutakuwa tumechukua jasho la wakulima wa Iramba na Ikungi na Mkalama na kulifungia kabatini. Hilo ndilo shauri langu lote, na yafuatayo ni sababu zake.

Lakini kwanza mtu asidhani kwamba mimi ni adui wa vyombo. Kuna ndugu wengine, hasa wazee wetu, waonao kila chombo chenye kioo kuwa mlango wa dunia kuingia katika nyumba ya Mungu. Siko upande wao. Mwaka 2022 makarani wa Sensa walipokuja katika nyumba zetu walikuja na vishikwambi, wakatuhesabu, na mkoa wetu wa Singida ukaonekana kuwa na watu 2,008,058. Hakuna aliyedhurika kwa kuhesabiwa hivyo. Tena baada ya kazi ile Serikali iliwagawia walimu vishikwambi, nami naliona hilo kuwa jambo la akili, kwa sababu chombo kilianza kwa mwalimu, hakikuanza kwa mtoto. Chombo ni kama jembe. Halina dhambi wala halina utakatifu. Ubaya na uzuri wake umo mkononi mwa alishikaye.

Basi sasa niungame kosa langu mwenyewe, maana asiyeungama hana haki ya kuwaonya wengine.

Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha katika shule nyingine, ambayo sitaitaja jina. Siku moja zililetwa kompyuta 12 kutoka kwa wafadhili wa mbali. Tuliwafundisha watoto wimbo wa kuwashukuru wageni, tukachinja mbuzi, picha zikapigwa, na mimi ndimi niliyetia sahihi katika karatasi ya kupokea. Wakati ule hakuna aliyeuliza swali hata moja. Hatukuuliza umeme wa shule unatosha kuendesha mashine ngapi kwa pamoja. Hatukuuliza programu zilizomo zimeandikwa kwa lugha gani. Nazo zote zilikuwa kwa Kiingereza, na watoto wa darasa la tatu walikuwa hawajamaliza kujifunza kusoma Kiswahili. Hatukuuliza ni nani atakayefundisha. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyejua kompyuta, na muhula uliofuata akahamishwa. Ufunguo wa chumba ukawekwa katika droo. Vumbi la kiangazi likaingia, panya wakaguguna nyaya, mchwa wakala maboksi.

Baadaye mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amemaliza darasa la saba, alinikuta sokoni akaniambia: “Mwalimu, shikamoo. Ile mitambo mliyoiimbia mwanangu hakuigusa hata siku moja. Ilikuwa ya nani?” Nilimwitikia salamu yake, lakini swali sikuweza kulijibu. Na mpaka leo sijapata jibu lingine ila hili: ilikuwa ya picha. Wafadhili hawakukosa. Tulikosa sisi tuliopokea bila kufikiri.

Mtu atasema: hayo ni ya shule moja, usiyageuze kuwa sheria. Vema, na tutazame mbali zaidi, lakini tuanze hapa hapa nyumbani.

Wazee wetu wa Mkalama waijua habari ya reli ya Kinyangiri. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Waingereza ilitandaza reli kutoka Manyoni, kupita Singida, mpaka Kinyangiri. Ilikuwa kazi kubwa, na vyuma vilikuwa vizuri, na gari la moshi lilikuwa la kweli. Walitumaini kwamba reli ikiisha kuwapo, mazao ya kuijaza yatatokea. Mizigo haikutosha kulipa gharama. Katika miaka ya 1940 reli ile iling'olewa. Miaka mingi ikapita kabla ya njia ya reli kujengwa tena mpaka mjini Singida. Angalieni basi: chombo hakikuwa kibovu. Kilichokosekana ni shehena. Kishikwambi kisicho na somo lililoandaliwa, wala mwalimu ajuaye kulitumia, ni reli ya Kinyangiri. Hupita mahali pasipo na mzigo.

Sasa twende ng'ambo. Katika nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, watoto wa shule za vijijini walipewa kompyuta ndogo, kila mtoto ya kwake. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika shule 319. Kompyuta zilikuwa zimefika kweli, na watoto walizitumia. Lakini katika hesabu na katika lugha, watoto waliopewa hawakuwapita wale wasiopewa. Kwa haki niseme kwamba walionekana kupata faida kidogo katika wepesi wa kufikiri kwa jumla. Lakini mzazi ampelekaye mtoto shuleni ili ajue kusoma na kuhesabu, hilo halimtoshi.

Jirani zetu wa Kenya nao, katika uchaguzi wa mwaka 2013, waliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapata kompyuta. Zabuni zikaleta ugomvi, miaka ikapita, na vyombo vikaanza kugawiwa mwaka 2016, navyo vilikuwa vishikwambi. Katika shauri lile iko faida moja ambayo sitaificha: kwa ajili ya ahadi hiyo shule nyingi sana za msingi zilivutiwa umeme. Faida hiyo ilitokana na matayarisho. Tena jirani zetu walikuwa na hazina ya taifa ya kuwabeba walipokosea. Sisi tuna magunia ya alizeti.

Nalijua jibu la wapinzani wangu, nao hulitoa kwa furaha. Watasema: “Na Tanga je? Watoto wa Tanga walijifunza kwa vishikwambi bila mwalimu.” Naam, habari hiyo ni ya kweli, nami naitaja kwa ukamilifu kwa sababu wao huitaja nusu. Palikuwa na shindano la dunia, na kuanzia mwaka 2017 watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi. Wengi wao walikuwa hawajapata kwenda shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya hao wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola 10,000,000.

Hili ni jambo kubwa, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini angalieni namna lilivyofanyika. Programu zile zilitungwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, na mafundi waliofanya kazi hiyo tu. Mahali pa kuchajia kwa nguvu za jua palijengwa vijijini kabla ya kuanza. Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalishika usimamizi. Hakuna aliyetupa vishikwambi kijijini na kusema mengine yatajipanga yenyewe. Na pamoja na matayarisho hayo yote, nusu ya wale wasioweza kusoma walibaki vile vile. Ikiwa mtoto asiye na mwalimu kabisa alipata kiasi hicho, basi yule aliye na mwalimu aliyeandaliwa angepata zaidi. Habari ya Tanga, ikisomwa yote, ni shahidi wangu mimi, si wao.

Tena iko habari ya kwetu iliyo ya zamani zaidi, ambayo vijana hawaijui. Mwaka 1973 katika nchi yetu palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu 2,000,000 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajifunza habari za malaria na kuhara na uchafu wa maji, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Redio ilikuwa chombo kipya kwa vijiji vingi wakati ule. Lakini utaratibu wake ulikuwaje? Kwanza waongozi wa vikundi walifundishwa, nao walikuwa zaidi ya 70,000. Pili vitabu vidogo vilichapwa vikagawiwa. Tatu, ndipo redio ikasema. Kipindi kilipokwisha, mwongozi aliuliza: “Tumesikia nini? Na hapa kwetu tufanye nini?” Swali hilo redio haiwezi kuuliza kwa namna ya kumtazama mtu usoni. Ndilo lililochimba vyoo.

Linganisheni hayo na mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na masomo yakatolewa katika redio na televisheni. Kazi ile ilifanywa kwa haraka kwa sababu ya dharura, nami siilaumu. Lakini nilipozunguka nyumba za wanafunzi wangu niliwakuta watoto watatu wakisikiliza somo la hesabu, na mwalimu wa redio amewapita kwa mbali, na hapakuwa na mtu wa kumwambia ngoja. Chombo kilikuwa kile kile cha mwaka 1973. Kilichopungua ni mtu aliyekaa katikati ya kikundi.

Na sisi Waadventista hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani wale waliotuletea shule walitupa. Wamisionari wetu wa kwanza walifika Upareni mwaka 1903. Ernst Kotz, aliyewafuata, hakuanza na vyombo. Alijifunza Kipare kwa wenyeji, na mwaka 1909 sarufi yake ya Kipare ilitolewa. Upande wa Kenya, Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Ziwa, mwaka 1906, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland ambayo leo ni Malawi. Carscallen alitumia miaka kadhaa kujifunza Kijaluo, na kukiandika, na kutengeneza vitabu vya kujifunzia. Mtambo wa kupiga chapa ulipopatikana, mwaka 1913, palikuwa tayari na maneno ya kuchapa na watu wa kuyasoma. Mtambo ule ulianzisha kiwanda cha vitabu kilichotumikia makanisa yetu kwa miaka mingi. Je, kama angalileta mtambo kwanza, angalichapa nini?

Sasa mtaniambia: “Mwalimu, umebomoa, jenga basi.” Ni haki yenu kuniuliza hivyo. Nami nasema mpango wetu uwe na mambo haya.

La kwanza, tuchague shida moja. Shule zetu zina shida nyingi, lakini mpango wa kutibu zote hauwezi kupimwa, na usioweza kupimwa hauwezi kusahihishwa. Mimi nachagua kusoma na kuhesabu kwa madarasa matatu ya chini. Mtoto asiyesoma vizuri akifika darasa la nne atakuwa mgeni katika kila somo, na akifika sekondari, ambako masomo hutolewa kwa Kiingereza, atakuwa mgeni mara mbili. Tukishinda hapo, ndipo tutazame sayansi ya madarasa ya juu.

La pili, mwalimu apate chombo kabla ya mwanafunzi, naye akitumie mihula miwili. Sisemi semina ya siku mbili yenye chai na cheti. Semina za namna hiyo nimehudhuria nyingi, na vyeti vyake ninavyo. Nasema hivi: kwa kuwa Sabato ni siku ya pumziko na ibada, na siku ya Jumapili shule zimefungwa, walimu wa shule za jirani wakutane Jumapili moja katika kila wiki mbili. Kila mmoja aandae somo moja, alifundishe katika darasa lake mwenyewe juma lile, kisha arudi aeleze lilivyokwenda na mahali liliposhindikana. Tena wafundishwe walimu wawili kwa kila shule, si mmoja. Maana wa kwanza huhamishwa, au huolewa mbali, au huugua, na kazi isife pamoja naye.

La tatu, tununue kwa umoja. Shule zetu zimetawanyika, nyingine ziko Upareni, nyingine Mara, nyingine Morogoro, na hizi ndogo za kwetu. Kila moja ikiomba na kununua peke yake, tutakuwa na aina kumi za mashine, na chaja aina kumi, na hakuna fundi atakayezijua zote. Aina na iwe moja, ili kioo kilichovunjika Same kiweze kusaidiwa na akiba iliyoko Singida. Wala hakuna haja kila shule ianze na vishikwambi 40. Shule tatu za jirani zaweza kuanza na kasha moja: projekta ndogo, vishikwambi kumi, betri na paneli ya jua, na seva ndogo yenye masomo ndani yake. Programu ya Kolibri, mathalani, hupatikana bila malipo, nayo iliundwa hasa kwa mahali pasipo na intaneti. Na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni. Mtu mmoja aende mjini siku moja, apakue yanayotakiwa, naye akirudi kijijini hakuna atakayehitaji kununua bando.

La nne ni fedha. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa humpasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Tuketi basi. Shauri langu ni kwamba katika kila shilingi kumi, nne tu ziende kununua mashine. Tatu ziende kuwafundisha walimu, pamoja na nauli na chakula chao siku za Jumapili. Mbili ziende kwa umeme na mlango imara na kabati lisiloingia vumbi. Moja iwekwe akiba ya matengenezo, wala isiguswe kwa jambo lingine, hata paa la kanisa likivuja. Betri huchoka baada ya miaka michache. Hilo si ajali, ni desturi yake, kama vile ng'ombe wa kulima azeekavyo. Anunuaye mashine bila akiba ya betri amenunua mashine ya muda mfupi akidhani amenunua ya daima. Tena fedha hizi zisitolewe katika fungu la vitabu. Kitabu hakihitaji kuchajiwa, na mtoto akipeleka nyumbani hata bibi yake hukisikia.

La tano, tupime na kuwalinda watoto. Kabla ya kuanza, kila mtoto asomeshwe ukurasa mmoja peke yake mbele ya mwalimu, na matokeo yaandikwe katika daftari. Baada ya mwaka asomeshwe tena. Daftari lisomwe wazi mbele ya wazazi, likiwa na habari njema au mbaya. Kama hakuna maendeleo, tusimame, tusiongeze vyombo kwa ajili ya kuficha aibu. Na habari za watoto, yaani majina na picha na alama zao, zisiingizwe ovyo katika programu za watu tusiowajua. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yatuhusu sisi pia.

Najua yatakayosemwa juu ya mpango huu. Wengine watasema: “Ni wa polepole, watoto wa mijini watatupita.” Nawajibu: watoto wa mijini wametupita tayari, na waliotupita hawakutupita kwa vishikwambi, bali kwa sababu wana walimu wa kutosha, vitabu nyumbani, na wazazi wasomao nao. Mihula miwili ya kuandaa walimu haitatuchelewesha kuliko ile miaka ambayo kompyuta zetu 12 zilikaa gizani.

Wengine watasema: “Wafadhili hupenda kutoa vyombo, hawapendi kulipa nauli za walimu. Tukiweka masharti watakwenda kwingine.” Huenda wengine watakwenda. Lakini mimi nimepata kuona kwamba mtu mwenye moyo wa kweli, akielezwa kwa upole shida ilivyo, husikia. Tatizo ni kwamba sisi hatuelezi, twaimba tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini mwenyeji asiyesema anaumwa wapi, atapona vipi? Na mfadhili ambaye hawezi kutoa ila kitu cha kupigwa picha, na aende kwa amani.

Wengine tena, nao ni walimu wenzangu, watanong'ona kwamba Jumapili ni siku ya shamba. Hilo laniuma, kwani nami ni mkulima, na mshahara wa mwalimu wa shule ya kanisa wajulikana. Kwa sababu hiyo nimesema nauli na chakula vilipwe, na wakati wa kulima na kupalilia mikutano ipunguzwe. Lakini, ndugu zangu, tusipokubali sisi kujifunza, kwa haki gani tutalia kwamba mashine zimekuja kututoa kazini? Mwalimu aliye na maarifa hatolewi na kioo. Atolewaye ni yule ambaye kazi yake ilikuwa kunakili ubaoni tu.

Nimemaliza hoja zangu. Limebaki neno kwa wazazi, ambao ndio wenye magunia.

Baba zangu na mama zangu, siku ya mkutano mtaombwa kuinua mikono. Msiinue kabla ya kuuliza maswali matatu, wala msione haya kuyauliza, hata kama mwulizwaji ni mwalimu au mzee wa kanisa. Ulizeni kwanza: ni mwalimu yupi na yupi watakaofundisha kwa chombo hiki, na wamejifunza lini? Ulizeni pili: chombo kikiharibika, fedha ya kukitengeneza iko wapi leo? Ulizeni tatu: baada ya mwaka mmoja, mtatuonyesha nini ili tujue kwamba watoto wetu wamefaidika? Mkijibiwa yote matatu kwa majina na hesabu, inueni mikono yote miwili, nami nitainua pamoja nanyi. Mkiambiwa kwamba mengine yatajipanga yenyewe, rudisheni magunia yenu ghalani.

Mimi nilitia sahihi mara moja bila kuuliza. Mtoto wa yule mama sasa ni kijana mkubwa, naye hapati tena miaka yake ya shule. Sitatia sahihi mara ya pili kwa namna ile.

Ni mimi mwalimu mwenzenu,
Iramba, Singida.